Datsun Ndani ya Stoo ya Viazi

Nduta hajawahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Hata jeneza la mama yake alipunguziwa, na muuzaji, kwa kuchoka tu, akamwongezea vishikio vya shaba. Alishuka Kisumu akiwa msichana mwenye gunia la viazi vya Kinangop, akaketi chini sokoni Kibuye bila Kijaluo hata cha kuombea maji. Alijifunza kwanza namba, halafu matusi, halafu salamu, na mpaka leo anasema huo ndio mpangilio unaofaa. Siku hizi lori humletea mzigo kila wiki. Nyumba yao ya Nyamasaria ina vyumba ambavyo havijaona plasta, lakini stoo ya viazi huko nyuma ilipata plasta, sakafu laini na madirisha ya juu ya kupitisha hewa kabla choo hakijapata mlango.

Kosa lake lilikuwa kusafiri. Alikwenda Kinangop kuangalia mavuno, na aliporudi akamkuta mumewe, Muturi, amesimama mlangoni mwa stoo, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu aliyejifungua. Ndani, mahali pa magunia, palikuwa na gari.

Kuliita gari ni kulistahi. Ilikuwa Datsun ya zamani ya mashindano, milango miwili, pua ndefu, na kutu iliyolila hadi ukiligonga kwa kidole linakujibu kwa vumbi. Lilikuwa limeoza miaka mingi chini ya mwarobaini huko Milimani, katika kiwanja cha marehemu mjomba wa jirani yao Badru, na waliolitumia mwisho walikuwa kuku. Kiti cha abiria bado kilikuwa na manyoya.

"Baba Bilha, hii ni nini?"

"Hii ni historia, mama."

"Badru alikuambia bei gani?"

Muturi akataja.

"Na wewe ukampa ngapi?"

"Hiyo hiyo."

Nduta akavuta debe, akaketi. Kutu angeisamehe. Kuku pia angewasamehe. Lakini mtu wa nyumba yake kulipa bei ya kwanza, tena kumlipa Badru, ambaye huuza spea kuukuu na angemuuzia hata shangazi yake betri iliyokufa, hilo lilimwingia mifupani.

Muturi alikuwa karani wa bima hadi walipompumzisha mapema. Utotoni, kando ya barabara huko Nyeri, gari la mbio kama hilo lilimpita likamrushia tope kuanzia nywele hadi viatu. Watu wengine wakirushiwa tope huenda kuoga. Muturi aliona ameitwa. Sasa kila asubuhi alivaa ovaroli, akaweka simu juu ya gunia tupu na kutazama wazungu wakifufua magari katika gereji zinazong'aa kuliko hospitali. Wazungu wale walikuwa na mashine ya kila kitu. Muturi alikuwa na msasa, mafuta ya taa na fundi wa bodi aitwaye Waswa.

Waswa hakuwa mtu wa kukata bati na kuchomelea. Alikuwa mtu wa fila, ule uji mzito wa kuziba mashimo ambao ukikauka huwa mgumu kama jiwe na ukipakwa rangi hauonekani. Penye tundu la kidole aliweka fila. Penye tundu la ngumi aliweka fila na gazeti. Chini ya viti, mahali ambapo sakafu ya gari ilikuwa imebaki jina tu, alitandaza waya wa banda la kuku, akamwaga fila juu, akaifunika na rangi nyeusi. Nduta alipitia pale na sinia ya chai akamwona akilainisha.

"Waswa, hapo mtu atakanyaga?"

"Mama, hii ikishika, hata ndovu."

"Nimekuuliza mtu."

Waswa akacheka, akaongeza fila.

Wakati huo viazi vilikuwa nje chini ya turubai. Kiazi hakijui historia. Kikipigwa na jua kinageuka kijani, kikipigwa na mvua kinaoza, na huko Nyamasaria, mvua za masika zikianza, kilipata yote mawili kwa siku moja. Wateja wa Kibuye walianza kugeuza viazi vyake mikononi, wakinusa, wakimtazama. Mwenye hoteli mmoja aliyekuwa akichukua kwake tangu zamani akahamia kwa mama wa meza ya pili. Kwa mara ya kwanza tangu aketi chini sokoni, Nduta alipunguza bei bila kuombwa. Usiku huo hakula.

Kesho yake aliwaita Muturi na Badru, akawawekea viti uani.

"Badru, wewe ndiye uliyeuza, utakuwa shahidi. Baba Bilha, sikiza. Jumamosi kabla ya Pasaka, hii kitu itoke kwa geti na injini yake, ifike mjini, irudi hapa na injini yake. Ikirudi, stoo ni yako, mimi nitajenga ingine. Isiporudi, stoo ni yangu na sitaki kuiona hapa tena."

"Nisukumwe kidogo nikianza?" Muturi akauliza.

"Hapana."

"Hata na mteremko?"

"Nyamasaria iko na mteremko gani?"

Badru akajifuta macho kwa kilemba chake. "Mama Bilha, hii mali ni ya kuonea huruma. Lakini nimeshuhudia."

Wakapeana mikono. Muturi alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtia Nduta wasiwasi, kwa maana yeye humwogopa mtu anayekubali upesi.

Jumamosi ilipofika, injini iliwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu ulioingia jikoni kwa jirani, ikawaka kabisa. Nduta, aliyevaa viatu vyake vya kanisani, alipanda kiti cha abiria ili asije akasimuliwa. Gari lilikuwa jekundu, jekundu la midomo, na kwa mbali lilipendeza, hilo hawezi kukana. Kwa karibu lilikuwa na mabonde.

Barabarani vijana wa bodaboda waliwasindikiza wakipiga honi. "Omera, ndugu! Mzee amefufua!" Muturi aliwapungia mkono kama gavana. Gia ya tatu ilikataa, akaiacha, akaendelea na ya pili huku injini ikilia hadi mtu akafunga mlango wa duka. Lakini lilikwenda. Lilipita mzunguko wa kwanza, likaingia mjini, likasimama mbele ya soko kuu, na Muturi akazima na kuwasha tena makusudi, aone kama litawaka. Likawaka.

Nduta alitazama mbele. Sasa kilichobaki ni kugeuka tu na kurudi. Aliiona stoo yake ikiondoka, plasta, sakafu na madirisha yake. Akaanza kupiga hesabu ya mawe ya stoo nyingine, na hesabu ikamuumiza.

"Limeshika vumbi," Muturi akasema.

Nduta alikuwa bado anahesabu mawe.

"Sikia, mama. Tupitie ziwani tulioshe. Gari kama hii haiwezi kurudi nyumbani chafu. Na leo watu wamejaa huko, acha waone."

Kule ziwani watu wa Kisumu huingiza magari majini kabisa, hadi magurudumu yazame nusu, na vijana wenye ndoo wakayasugua huku wenyewe wakila samaki ufukoni. Gari lisiloingizwa majini huwa halijaoshwa, limepanguswa tu. Muturi alikuwa akiwaonea wivu wenye magari hao miaka nenda rudi.

Nduta aliteremsha macho kwenye sakafu. Karibu na kisigino chake rangi nyeusi ilikuwa imepasuka, na kupitia ufa huo aliona lami. Angeweza kusema. Neno moja lingetosha.

"Gari ni lako," akasema.

Walipofika ufukoni akafungua mlango kabla gari halijagusa maji. "Mimi nishukie hapa, viatu ni vya kanisa."

Muturi aliingia ziwani kwa gia ya pili, kwa maringo, akipasua magugu maji. Watu waligeuka. Vijana wa ndoo walipiga makofi. Alikwenda mbele kidogo kuliko wengine, kwa kuwa wengine walikuwa na magari ya kawaida, akasimama, akazima injini, akaweka kiwiko dirishani. Akakaa hivyo kwa fahari. Kisha uso wake ukabadilika polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko likiwaka. Akatazama chini.

"Nduta!"

"Ehe?"

"Miguu yangu iko kwa ziwa!"

Fila ya Waswa ilikuwa imekutana na Nam Lolwe, ziwa lenyewe, na haikuomba nafasi ya pili. Kiti kilishuka kwa heshima, Muturi akiwa juu yake, hadi usukani ukawa sawa na pua yake. Vijana walimtoa kupitia dirishani. Dereva wa lori la mchanga akajitolea kulivuta gari, wakafunga kamba kwenye bampa. Lori likavuta. Bampa likatoka, likafuatwa na bati lote la chini ya boneti pamoja na taa moja, vikapanda ufukoni vyenyewe kwa mwendo mzuri sana. Mara ya pili walifunga kamba kwenye ekseli, na sehemu iliyobaki ikaja, ikiwa imeacha sakafu yake kwa kambare.

Muturi, suruali ikichuruzika, hakuwa amekata tamaa. "Hatukusema chochote juu ya ziwa! Makubaliano yalikuwa barabara!"

Nduta akampigia Badru, akaweka simu kwa spika, na Muturi akaeleza kwa kirefu.

"Limerudi nyumbani?" Badru akauliza.

"Bado, lakini..."

"Na injini yake?"

Muturi akageuka kutazama gari. Upande wa pili ulisikika mtu akicheka akiwa ameziba mdomo, kisha simu ikakatika.

Hapo ndipo mwenye kibanda cha samaki, Anyango, alipotoka na mwiko mkononi. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya meza zake, likitiririka.

"Mama, toa hii takataka yako hapa! Wateja watapita wapi?"

Nduta alikuwa tayari kuomba radhi, jambo ambalo hulifanya kwa nadra. Lakini aliona wateja. Wasichana wawili walikuwa wamekaa juu ya boneti wakijipiga picha, na familia nzima ilikuwa imepanga foleni nyuma yao, mikononi wameshika samaki na chipsi za Anyango.

"Pole, mama. Nitatafuta lori sasa hivi nitoe."

"Toa!"

"Natoa. Hao watu nao watanifuata nikiitoa?"

Anyango akageuka, akatazama foleni. Mwiko ukashuka. "Yawa. Sasa unataka nini?"

"Sitaki kitu. Chipsi zako unakaanga na waru ya nani?"

"Ya mtu wa Kibuye."

"Waru yake ina maji. Naona kutoka hapa."

"Wewe unaona waru ndani ya mafuta?"

"Chukua yangu, kila wiki, ya kwangu peke yake. Gari inakaa. Utaipaka jina la hoteli."

"Na hiyo ya mbele iliyong'oka?"

"Naongeza bure."

Walivutana hadi samaki mmoja akaungua, Anyango akidai gunia la kwanza liwe la kuonja, Nduta akimpa nusu. Walipomaliza, Nduta alimgeukia mumewe, kwa sababu kisheria mali ilikuwa ya mumewe. Muturi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akikamua soksi.

"Fanya tu," akasema, bila kumtazama.

Lori la Kinangop liliingia Jumanne. Nduta alimwaga majivu juu ya doa la oili, akapanga magunia hadi kwenye madirisha, akafunga stoo kwa kufuli mpya. Muturi hakusema naye mpaka jioni, alipokuja kusimama mlangoni mwa stoo na ovaroli yake.

"Spana zangu ziko ndani."

"Za nini?"

"Mlango wa kulia umepinda. Nataka kwenda kwa Anyango niunyooshe. Watu wanaupiga picha ukiwa umepinda."

Nduta alimtazama. Akafungua kufuli, akaingia stoo, akatia komeo kwa ndani, akazitafuta nyuma ya magunia, kisha akapanda juu ya viazi na kumpitishia kupitia dirishani, moja baada ya nyingine. Ufunguo hakumpa.