Mfugaji Aliyeniomba Kaburi

Nilimwambia mtu hana kwao. Nilimwambia hivyo akiwa amekaa kwenye benchi langu, anatafuna punje za kahawa ninazowawekea wageni, na samadi ya ng'ombe wake ikiwa imetandazwa kwenye migomba yangu. Nilidhani ni utani. Wenzangu husema ujinga namna hiyo wakiwa wamelewa. Mimi nilikuwa nimekunywa chai.

Mjue kwanza anayesema haya ni nani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Sekondari nilisoma Bukoba mjini, na kila likizo nilikuwa wa kwanza kuruka kwenye gari, nisije nikasahauliwa huko. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi kijijini kwetu, jirani na Nshamba, na sijaondoka tena. Meli ya Mwanza nimeiona mara nyingi, nikiwa nimesimama bandarini nawapungia wengine mkono. Kaka yangu mkubwa yuko Dar es Salaam. Wanangu nao wametawanyika: mmoja Mwanza, mwingine Dar kwa baba yake mkubwa, binti ameolewa Geita. Wanakuja Krismasi, wakija. Mimi ndiye niliyebaki kulinda kibanja, yaani nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni, na makaburi ya wazee wetu yakiwa humo humo, hatua chache kutoka mlangoni. Kaka aliyawekea vigae vyeupe kutoka Dar. Yanang'aa kuliko nyumba ninayolala.

Migomba ilikuwa inakufa. Mnyauko uliingia, tukawa tunang'oa shina na kulizika kwenye shimo nje ya kibanja, tunang'oa na lingine. Ndipo yule mfugaji akafika na ng'ombe wake, akajenga kibanda kwenye rweya, ile mbuga ya majani iliyo nyuma ya kwangu. Alitokea upande wa Karagwe na mkewe, watoto na mama yake mzazi. Nilimfuata mimi mwenyewe, sikuitwa. Tukakubaliana ng'ombe walale karibu na mpaka wangu, nizoe samadi, na yeye achote maji kwenye chemchemi yetu na kukata mgomba wowote ambao umeshazaa, awape ng'ombe. Mwaka huo migomba iliyosalimika ikanenepa. Mimi nikanenepa kwa maziwa.

Mama yake alikuwa mwembamba sana, anatembea kwa fimbo. Kila asubuhi alikuja kukaa kivulini karibu na makaburi yetu. Kinyambo chake na Kihaya changu vinaelewana, basi aliniuliza nani anavifuta vigae vile. Nikasema mimi.

"Kila wiki?"

"Kila Jumamosi, mawe," nikamwita mama kwa Kihaya.

Akakigusa kimoja kwa ncha ya fimbo. "Hawa wanalala pazuri," akasema. "Hakuna anayewakanyaga."

Mwanawe alikuwa mtu wa maneno, na mimi maneno ninayapenda. Jioni ile ya benchi tulikuwa tunataniana.

"Ninyi mna ng'ombe, hamna kwenu," nikamwambia. "Nionyeshe kaburi la babu yako."

"Liko pale alipofia."

"Wapi?"

"Njiani, waitu," akasema, akiniita kwa heshima ya kwetu. "Tulimzika, asubuhi ng'ombe wakataka maji, tukaondoka."

"Umeona? Mtu ana kwao akiwa na makaburi. Mimi hata waje na bunduki hawanihamishi. Wazee wangu wamenishika miguu."

"Wewe hata kitanda hujawahi kukihamisha," akasema. "Utaijuaje safari?"

Tukacheka wote. Mama yake alikuwepo, hakucheka. Nilidhani hakusikia.

Haikupita muda, mtendaji wa kijiji akatangaza kwamba wafugaji wote waliotoka nje ya wilaya waondoke na mifugo yao. Waliotozwa faini walitozwa, waliokamatiwa ng'ombe walikamatiwa. Mfugaji wangu akaanza kufunga mizigo. Katikati ya kufunga, mama yake akashikwa na homa. Zahanati wakampa dawa, wakasema apelekwe Muleba hospitali. Mvua ilinyesha, bodaboda hazikupanda ule mlima wenye utelezi, na bibi mwenyewe alikataa kubebwa. Alfajiri alikuwa amekufa.

Jamaa alikuja kwangu kabla jua halijatoka. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama.

"Mama amefariki," akasema.

Nikampa pole, nikataka kuingia ndani nichukue koti. Akanizuia kwa mkono.

"Aliniachia neno. Alisema tusimzike njiani. Alisema azikwe hapa kwako, pale alipokuwa anakaa." Akanyoosha kidole kwenye makaburi yetu. "Sitaki ardhi, waitu. Nataka urefu wa mtu tu. Leo wanatuondoa, sijui nitakuwa wapi. Nataka nijue yeye yuko wapi."

Ningeweza kusema ndiyo. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta. Badala yake nikasema, "Ngoja nimpigie kaka."

Kaka alikuwa bado kitandani. Nilimweleza.

"Umemjibu nini?"

"Bado."

"Usimjibu. Wewe umelogwa? Ukimzika pale, kesho wajukuu wake wanakuja na mwenyekiti wa kitongoji, wanasema bibi yetu yuko hapa, na sisi ni wa hapa. Utawaambia nini?"

"Lakini wanahamishwa."

"Leo wanahamishwa. Kesho je? Ile ni ardhi ya ukoo, siyo shamba lako la maziwa."

Nikakata simu. Siwezi kumsingizia kaka peke yake. Kabla hajapokea, nilikuwa nimeshahesabu ni wapi nitazikwa mimi, wapi mke wangu, wapi watoto, na nikaona bibi yule amelala katikati yetu milele, na Jumamosi mimi ninamfutia kigae. Nilitaka kaka akatae. Alipokataa, nikashusha pumzi.

Nikamchukua mfugaji, nikampeleka kwenye mpaka. Tukavuka milamula, ile mimea tunayoipanda kuonyesha kibanja kinaishia wapi. Nikamwonyesha sehemu ya upande wa pili. Nikasema udongo ni laini, na hakuna atakayemsumbua.

Akatazama chini. Udongo ulikuwa laini kwa sababu ulikuwa umechimbwa.

"Hapa si ndipo mnapozika migomba yenye ugonjwa?"

Nikasema siyo pale hasa, ni pembeni kidogo.

Hakunitukana. Alinishukuru, na hilo ndilo lililoniuma, akarudi kwa watu wake.

Desturi ya kwetu, msiba ukitokea wanaume wote wanashika jembe. Siku ile nilibaki nyumbani na jembe langu. Nilijisemea nina kifua. Kutoka kwenye milamula niliwaona wanachimba kwenye rweya, pasipo na mti, mvua ikiwa imegeuka manyunyu. Walimfunga kwenye mkeka na ngozi, wakamfukia, wakasawazisha. Hawakuweka jiwe wala msalaba. Kisha wakawapitisha ng'ombe juu ya pale wakienda na kurudi, mpaka udongo ukawa sawa na udongo mwingine. Sijui kama ni desturi yao au ni wazo lake siku ile, asije mtu akamfukua baada ya wao kuondoka. Mchana kundi lote likashuka barabarani, mgambo nyuma yao. Mfugaji hakugeuka kunitazama.

Aliyebaki kule alikuwa jirani yangu, mama mjane wa kibanja cha pili, ambaye alikwenda kuchimba na wanaume bila kumwuliza mtu. Alirudi akipita kwangu, matope mpaka magotini, jembe begani. Nilimkaribisha kahawa, hakuipokea. Nikaanza kujieleza: nafasi ni ndogo, kaka amekataa, ardhi ni ya ukoo, watoto nao watahitaji mahali pa kulala.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akayatazama makaburi yetu yenye vigae, akanitazama mimi.

"Watoto gani, baba? Wako wote wameshahama, watazikwa huko huko waliko, na wewe ukifa ni mimi nitakayekufukia, nikiwa bado na nguvu."