Talaka ya Mwatum

Mwatum wa Jambiani hakuwa mtu wa kunung'unika chini chini. Akiudhika yeye, mji mzima huudhika, upende usipende. Kwa hiyo mumewe alipokosa kurudi sikukuu ya Idi, habari haikuhitaji mpiga mbiu. Ilianzia ufukweni, pale wanawake wanapofukua makumbi waliyoyazika mchangani na kuyaponda wapate usumba wa kusokotea kamba, na kabla jua halijawa kali ilikuwa imeshafika kisimani, imeshaongezwa chumvi, na imeshapewa mwanamke wa mjini, mweupe, mwenye nyumba ya bati.

Mumewe akiitwa Mzee. Si kwamba alikuwa mzee. Hata miaka arubaini hakuitimiza. Mzee ndilo jina alilopewa na babake alipozaliwa, kama wanavyoitwa wengi Unguja hii, na jina lake kamili ni Mzee Simai Pandu. Alikuwa hamali bandarini, na kila mwisho wa mwezi alipanda gari ya shamba akarudi kwa mkewe na sukari, sabuni, na maneno machache, kwani maneno mengi nyumba ile yalikuwa na mwenyewe. Hawakujaaliwa mtoto. Jambo hilo Mwatum hakulitaja ufukweni hata siku moja, lakini ndilo lililokuwa likimtafuna. Mwanamume asiye na mtoto akipotea mjini, nani atauliza amekwenda kufanya nini?

Basi akamtukana. Alimtukana Mfungo Mosi, mwezi wa Idi ile, akamtukana Mfungo Tatu watu wakichinja, na mpaka Maulidi ya mwaka ule wa sitini na tisa yanasomwa, wenzake walikuwa wameanza kumsaidia kwa matusi mapya, maana ya zamani yalishachakaa. Maulidi yalipokwisha akafunga kanga zake mbili katika kifurushi na kutangaza kwamba anakwenda mjini. Kama kaoa, ampe talaka yake. Yeye hakuumbwa kuwa mke wa mtu asiyeonekana.

Mjini alifikia kwa Bi Mize, mdogo wa mama yake, Kikwajuni. Bi Mize alimsikiliza huku akikuna nazi, asimkatize, na nazi ilipokwisha akasema, "Mwanangu, usihangaike kuuliza vichochoroni. Mtu akioa huandikwa. Nenda kwa kadhi ukatazamiwe. Kama kaoa ataonekana, kama hakuoa hataonekana, na wewe utapumzika na sisi tutapumzika."

Asubuhi yake Mwatum akavaa buibui la kuazima, refu kwake, akenda. Kwa kadhi palikuwa na benchi la watu wanaongoja na karani mmoja aliyeitwa Shamsi, kijana mwembamba, mpole, aliyekwisha sikia ugomvi wa kila nyumba ya kisiwa hiki.

"Nnamtafuta mume wangu, bwana. Nnataka kujua kama kaoa."

"Siku hizi hakuna bwana, dada. Sema ndugu."

"Ndugu, nnataka kujua kama kaoa."

"Anaitwa nani?"

Hapo Mwatum akatazama sakafu. Mwanamke wa kwao hamtaji mumewe kwa jina. Humwita mwenyewe, au yule, na akikasirika, huyo. Katika matusi yote yale ya ufukweni jina la mtu halikutajwa hata mara moja. Hiyo ndiyo adabu, hata kwa mwenye ulimi kama wake. Akalitaja kwa sauti ndogo.

"Mzee."

"Naam, huyo mzee wako. Jina lake?"

"Mzee!"

Shamsi akaweka kalamu chini. "Dada yangu, najua kwenu waume hawatajwi, na heshima hiyo naipenda. Hata mke wangu hanitaji. Lakini hapa ninao wazee wote wa Unguja. Wako wewe hasa ni nani?"

"Mzee Simai," Mwatum akasema, uso unamwaka.

"Basi Simai. Ungesema mapema." Akaanza kutafuta kwenye Simai.

"Simai ni babake! Babake kafa mimi sijavunja ungo. Huyo utamwona wapi kaoa?"

Benchi zima likaangua kicheko, na Shamsi akacheka mpaka akavua miwani. Akaomba radhi, akatafuta upya. Alitafuta penye Mzee, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza kazi akatafuta na penye Simai pia, kurudi nyuma mpaka kabla ya Ramadhani. Hakuna Mzee Simai aliyeoa mjini.

Mwatum alijisikia mwepesi, na wepesi ule ukamtia hasira. Alikuwa amekuja na talaka yake kamili kichwani, mpaka maneno ya kumwambia mke mwenzake alishayapanga, na sasa hana wa kumwambia.

"Tangu Idi hajaja wala hajaleta salamu?" Shamsi akauliza, safari hii polepole. "Na hakuoa. Dada, usinielewe vibaya. Iko ofisi nyengine ya kutazama. Ile wanayoandika vifo."

"Mimi nimekuja kutafuta talaka, wewe unanitafutia sanda!" Akaondoka, na buibui la watu likamtega mlangoni karibu aanguke.

Bi Mize alipoelezwa akasema, "Nenda. Ukiambiwa hayumo utarudi umnunie vizuri."

Akaenda kesho yake. Ofisi ya vifo ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya mbao, na siku hiyo zamu ilikuwa ya binti mmoja, Mwanakheir, katika wale mabinti walioanza kuajiriwa maofisini miaka ile. Safari hii Mwatum hakungoja kuulizwa mara mbili. Alisema mume wake anaitwa Mzee, Mzee ni jina, si utu uzima, babake ni Simai. Mwanakheir akacheka, akasema hata yeye ana mjomba anayeitwa Mzee. Akapitisha kidole pole pole kwa wote walioandikwa Mzee tangu Ramadhani. Walikuwepo. Mzee wa huku, Mzee wa kule, mmoja mvuvi, mmoja mtoto mchanga.

"Wako hayumo, bibi."

"Hayumo?"

"Hayumo. Alhamdulillahi."

Mwatum akatoka mpaka barazani, na hapo furaha ikamjaa hasa, furaha isiyo na haya. Yu hai! Hakuoa na hakufa. Basi yuko mahali, mwanaharamu mkubwa, anakula na kulala, na siku atakayotokea atayasikia yote tangu la Idi. Alishaanza kuyapanga. Ndipo nyuma yake, kule ndani, Mwanakheir akamwita tarishi.

"Mzee! Hebu nifungulie na dirisha hili."

"Naam," akajibu tarishi, babu mwenye ndevu nyeupe, ambaye jina lake bila shaka lilikuwa jengine kabisa.

Mwatum akasimama. Akamkumbuka Shamsi na Simai wake wa jana. Jana kosa lile lilimfanya mtu acheke. Na kama mtu mwengine, karani mwengine mwenye adabu, alikosea hivyo hivyo hapa?

Angeweza kwenda zake. Mimi ningemsamehe, na nadhani wewe pia. Alishaambiwa hayumo, aliyemwambia ni wa serikali, na gari ya Jambiani ilikuwa bado haijaondoka Darajani. Angerudi na mume mzima wa kumtukana mpaka uzee wake. Alisimama pale kitambo, amelikunja buibui mkononi. Kisha akarudi ndani.

"Mwanangu, nitazamie Simai."

"Lakini si umesema Mzee, bibi?"

"Nitazamie tu. Simai Pandu."

Mwanakheir hakuchelewa kumwona. Akasoma kwa sauti, kisha sauti ikashuka. "Simai Pandu. Mwanamume. Wa shamba, Kusini. Kazi, hamali." Akainua uso haraka, kwa huruma. "Siye, bibi. Huyu umri wake umeandikwa kiasi cha miaka sabini."

"Hamali wa miaka sabini anabeba nini?" Mwatum akauliza.

Mwanakheir akarudi kwenye daftari, akasoma tarehe, ishirini na nne Disemba, na Mwatum akauliza hiyo ni mfungo gani. Wakahesabu pamoja. Ilikuwa Idi nne, siku ya mwisho ya sikukuu. Aliyekuja kuarifu kifo ameandikwa Makungu Usi, hamali, Malindi.

Makungu alikuwa palepale Malindi, amekaa juu ya mkokoteni wake mtupu. Alikuwa mtu wa kimo kirefu, na alipojua aliyesimama mbele yake ni nani, akashuka akakaa chini kabisa.

"Shemeji," akasema. "Sisi tulidhani mmepata habari."

Akaeleza. Homa ilimshika Mzee Simai kumi la mwisho la Ramadhani. Wakampeleka hospitali, akapata nafuu, akatoroka mkesha wa Idi ili apande gari, wakamkuta kaanguka Darajani, wakamrudisha. "Kila nikimwambia lala, ataka kuinuka. Akisema, Mwatum ataninunia. Sisi sote bandarini tulikujua kwa kununa, shemeji. Jambo hilo akilitaja kama mtu anayejisifu."

Mwatum akamweleza alivyomkuta ameandikwa, Simai, miaka sabini.

"Nilikwenda kuandikisha mimi. Nikasema, Mzee Simai Pandu. Karani mtu wa heshima, kaandika Simai, na umri sijui kauliza nani. Mimi kusoma sijui. Salamu tukampa dereva wa gari ya Makunduchi, maana tulijua kwao Kusini tu, mji hatuujui. Dereva akatangaza njia nzima kwamba mjini kafa mzee Simai. Kila mji alioupita wakamwambia, mzee Simai wetu yuko mzima, kakaa pale." Akajifuta uso kwa kofia. "Tulimzika vizuri. Mwanakwerekwe. Watu walijaa."

Alimpeleka akaona kaburi. Mwatum akasoma Fatiha, akasimama, hakulia. Wapo wanaodhani mtu wa makelele hulia upesi, na hawajui.

Alirudi kwa kadhi siku hiyo hiyo, kwa kuwa jambo moja lilikuwa limebaki, nalo analijua kila mwanamke. Shamsi alipomwona uso alimpitisha ndani moja kwa moja. Kadhi alikuwa mtu mzima, sauti yake ya chini. Mwatum akamwamkia na kumweleza, kisha akamuuliza aanze lini kukaa eda. Leo, au akifika kwake? Na gari atapandaje, naye mfiwa?

"Mwanangu," kadhi akasema, "eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si siku mke aliyopata habari. Miezi minne na siku kumi. Yako imeshatoka, Mfungo Tano, kabla ya Maulidi."

"Imetoka?"

"Imekwisha."

"Basi sikai?"

"Hukai. Huna deni la sheria. Ukitaka kuolewa kesho, olewa."

Mwatum akatazama mikono yake, iliyoota sugu za kamba. "Kwa hiyo niliikaa, sheikh, na mwenyewe sijui," akasema. "Eda yangu yote niliikaa ninamtukana."

Kadhi alikuwa ameshajibu maswali mengi maishani mwake, lakini hilo halikuwa swali. Akamwambia amwombee dua, kwani dua inamfikia. Akamwita Shamsi amtafutie maji ya kunywa.

Gari ya shamba ilimshusha Jambiani alasiri ya kesho yake. Wanawake walikuwa bado ufukweni, na walipomwona anakuja wakaacha kuponda. Walikuwa wakimngoja, na kusema kweli walikuwa na hamu. Siku chache bila Mwatum zilikuwa zimepoa sana. Mwanapili, jirani yake, aliyekuwa bingwa wa kumuongezea matusi, akapaza sauti kutoka mbali.

"Ehe! Kakupa?"

Mwatum akaja mpaka karibu yao, akaweka kifurushi chini kwenye mchanga.

"Hakuniacha," akasema.

Wakadhani amegoma kumpa talaka. Mwanapili akafungua mdomo wake amtukane, kwa mazoea.

"Mzee hakuniacha, Mwanapili. Kafa. Kafa Idi nne, anataka kuja."

Na hapo ndipo alipolia, kwa sauti yake ile ile iliyojulikana, ikasikika mpaka misikitini. Mwanapili aliutupa mti wa kupondea makumbi, akamkamata, naye analia, anasema, tusamehe Mzee, tusamehe. Wakampeleka kwake wakimshika huku na huku. Akawaambia katikati ya kilio kwamba kadhi kasema eda imekwisha, hakai. Mwanapili akasema kadhi kasema kweli, na sheria ni sheria. Kisha akatandika mkeka chini, akamkalisha, na wanawake wa Jambiani wakaingia mmoja mmoja, wakavua viatu mlangoni, wakakaa naye.