Mwalishi wa Waandishi

Raya Bwanaheri anaweza kutuma ujumbe mmoja kwa waandishi arobaini na tatu kabla chai haijapoa, na hilo huwa anajisifia. Ndiyo kazi yake. Mwenye hoteli, mwenye timu ya mtaa, mwenye lolote la kutangaza anampa stori, naye anaiuza kwa magazeti, redio na wanablogu wa Dar. Kuiuza ni maneno tu. Kwa kweli anabembeleza, anachuniwa, anabembeleza tena.

Safari hii stori ilikuwa ya kina mama wa Mlingotini, Bagamoyo, wanaolima mwani. Miaka yote waliuuza mkavu, kwa kilo, bei anapanga mnunuzi. Sasa wamejenga chumba chao wenyewe cha kutengenezea sabuni za mwani, na Jumamosi wanakifungua. Mwenyekiti wao Wahida, mama asiyecheka bure, alimwambia Raya kitu kimoja tu: asipotokea hata mwandishi mmoja, kazi ya kuwatangaza anapewa Ally, mshindani wake. Ally ana droni. Haya, shindana na droni, dada.

Raya akatuma. "Mpendwa mwanahabari, unakaribishwa kwenye tukio la kipekee," na kadhalika na kadhalika, mwishoni kaweka emoji ya roketi. Sabuni na roketi wapi na wapi, muulize mwenyewe. Jumatatu kimya. Jumanne akatuma tena. Jumatano alikuwa na tiki za bluu kumi na tisa na jibu moja, la mtu aliyetaka kujua namba yake kaitoa wapi.

Alhamisi alasiri akaenda kwa shangazi yake, Bi Sihaba, akajitupa kwenye mkeka kama nguo iliyokamuliwa. Bi Sihaba ni mwalishi. Ukiwa na harusi pale mjini unamtuma yeye, anavaa buibui lake, anakupitia nyumba kwa nyumba kualika watu. Kadi za kwenye simu zipo, sawa, lakini Bagamoyo kuna watu ukiwatumia kadi bila mwalishi wanasema hawakualikwa, na watakukumbusha mpaka mwanao naye aoe. Bi Sihaba ana nyumba mia na kumi na mbili kichwani, hajawahi kuruka moja. Raya alikua akiyaona hayo mambo ya kizamani, ya kabla ya bando.

Shangazi akauliza kinachomliza. Akasomewa ule ujumbe, akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisika, kisha akauliza unakwenda kwa nani na nani. Raya akaanza kutaja. Jina la kwanza lilikuwa Abdulwahab, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi redioni.

"Abdulwahab huyu wa asubuhi? Kifua kimepoa?"

Raya hakujua. Angejuaje? Kwake Abdulwahab ni namba kwenye orodha.

"We mtoto, unamwalika mtu hujui kama mzima?"

Akaitaka simu. Raya akambonyezea kitufe cha kurekodi shingo upande, maana katika kazi yake ukimtumia mtangazaji sauti ya sekunde arobaini anakublok. Bi Sihaba akajiweka sawa, akaanza kama aliyekwisha kukaribishwa akakaa.

"Asalaam aleikum, mwanangu Abdulwahab. Wewe hunijui, mimi nakujua, asubuhi zote uko nyumbani mwangu. Jana ulikohoa mpaka ukaikata habari ya bei ya korosho, na leo asubuhi aliyekaa pale si wewe. Umepoa? Mimi nimetumwa, maneno haya si yangu. Wanawake wa Mlingotini Jumamosi saa nne wanafungua chumba chao cha sabuni. Hawakutaki uwasifu, wanataka uwepo. Ukishindwa, basi nipe udhuru wako niwafikishie, wasije wakasema sikufika kwako."

Dakika nzima. Raya akaituma, akafumba macho.

Alipofumbua, ile maiki ndogo pembeni ya sauti ilikuwa imegeuka bluu. Abdulwahab kasikiliza. Yule Abdulwahab ambaye miezi minane hajawahi kumjibu hata kwa kidole gumba. Na jibu likaja, kwa sauti, la mtu aliyekwaruzwa koo.

"Waleikum salaam, mama. Nimepoa kidogo, alhamdulillah. Pale ofisini hakuna aliyeniuliza. Jumamosi nakuja."

Raya akamtazama shangazi yake kama vile hajawahi kumwona. Mwaka mzima kalipia mafunzo ya mtandaoni ya jinsi ya kuwafikia waandishi, na mwalimu alikuwa hapa hapa, anamenya vitunguu.

Akampa jina la pili, Kibwana, mwanablogu. Bi Sihaba akakataa. Huyo simjui, alisema, na nyumba nisiyoijua sibishi hodi. Kamsome kwanza. Raya akafungua blogu ya Kibwana, mara ya kwanza tangu amweke kwenye orodha. Jumatatu, siku ile ya roketi, Kibwana alikuwa kaandika kwamba kamzika baba yake.

Raya akaiweka orodha pembeni. Halafu akamwandikia pole. Sabuni hakuitaja hata kwa herufi moja.

Jumamosi Wahida alishaangalia saa mara nne, droni ya Ally imeanza kumjia kichwani, ndipo Abdulwahab akateremka kwenye bajaji. Kavaa kanzu na koti, mkononi kashika boksi la tende. Kaalikwa na mwalishi, angekujaje mikono mitupu? Akauliza Bi Sihaba ni yupi. Akaoneshwa, akampa shikamoo na tende zake. Bi Sihaba akaitikia, akampokea boksi, akamwonesha Wahida.

"Mwenye shughuli yule pale. Mimi nilitumwa tu."

Mwandishi alikuja mmoja kati ya arobaini na tatu. Ally akabaki na droni yake.

Jumatatu asubuhi Raya aliwahi kwa shangazi yake, akakaa karibu na redio. Wahida, mama asiyecheka bure, akasikika Tanzania nzima anacheka. Raya akageuka, akingoja ashangiliwe walau kidogo. Bi Sihaba alikuwa kainamisha sikio, anamsikiliza mtangazaji.

"Kifua bado," alisema.

Raya akaandika hivyo kwenye orodha, pembeni ya jina la Abdulwahab.