Spring ya Kalamu

Nilipofika nyumbani Desemba iliyopita, baada ya miaka minne bila kurudi, nikizunguka na mabunda ya mitumba kati ya Embu na Isiolo, nilimkuta mdogo wangu ameketi juu ya gunia barazani, mikono imejaa oili. Mbele yake ilisimama pikipiki ya marehemu baba, ubavu wake wa kushoto umefunguliwa.

"Karibu dada," alisema bila kuinuka. "Usinikumbatie, nitakuchafua. Stata imeanza kuteleza tena."

Nikaweka mfuko chini. Harufu ile ya petroli na oili iliyoungua ilinipata palepale mlangoni, na kabla sijaonja hata chai, nikasikia ule wivu wangu wa zamani ukiamka. Nina zaidi ya miaka arobaini, rafiki yangu, na bado.

Baba yetu alikuwa daktari wa ng'ombe, wa kupandisha. Kila asubuhi alifunga mtungi wa mbegu nyuma ya pikipiki na kushuka mabondeni, upande huu wetu wa Nkubu, akitafuta ng'ombe walio joto, wanaotaka fahali. Joto la ng'ombe halingoji. Ukichelewa hadi kesho yake, mwenye ng'ombe ameshamwita mwingine, na huyo mwingine alikuwepo, kijana wa pikipiki mpya aliyepita mbele ya nyumba yetu akipiga honi hata pasipokuwa na mtu barabarani.

Goti la kulia la baba halikukunjika. Alianguka kutoka kwenye lori la majani chai kabla sijazaliwa, kwa hiyo hakuweza kupiga kiki. Ndiyo sababu alinunua pikipiki kuukuu ya kuwashwa kwa kitufe. Kitufe kilikuwa ndicho mguu wake.

Basi mwaka nilipokuwa darasa la tano, kitufe kikaanza kumtania. Anabonyeza, stata inalia ziii, injini haina habari. Mimi na mdogo wangu tukawa ndio wa kumsukuma kwenye mteremko kabla ya shule, viatu mkononi, matope mekundu hadi magotini, mpaka injini ikohoe na kushika. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa na mdomo, alisimama kwenye ua wake na kikombe cha uji.

"Daktari! Hiyo pikipiki yako nayo iko joto? Mbona inasukumwa?"

"Iko joto, mama, lakini fahali ameisha," baba alijibu, akicheka. Lakini kule chini mabondeni hakukuwa na watoto wa kumsukuma. Mara mbili alikwama, na mara mbili kijana wa honi akafika kabla yake.

Jumamosi moja akaamua kuifungua mwenyewe. Alimwaga oili kwenye sufuria, na nyanya yetu, mama yake baba, akatoka jikoni mbio. "Hiyo ni ya githeri! Sasa tutakula nini, pikipiki?" Baba alichomoa ekseli ya gurudumu la nyuma na kuitumia kung'olea sumaku nzito iliyo ubavuni mwa injini. Nyuma yake ndipo palipokuwa na klachi ya stata, kitu kidogo tu. Virola vitatu vifupi kama vipande vya penseli, kila kimoja kinasukumwa na spring ndogo kibanwe mahali pake. Spring moja ilikuwa imekatika. Kirola chake kilikuwa kinateleza badala ya kushika.

Nkubu hakukuwa na spring hiyo. Meru mjini mwenye duka la vipuri alimwambia asubiri iletwe kutoka Nairobi. Baba alirudi, akakaa kwenye gunia, akaishika ile iliyokatika kati ya vidole viwili. Kisha akauliza, "Nani ana kalamu ile ya kubofya?"

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya. Wiki moja kabla, shule ikifungwa, mdogo wangu aliitwa mbele akiwa wa kwanza darasa la nne, na mwalimu akampa kalamu ya kubofya, nyekundu na nyeupe. Mimi wa darasa la tano nilikuwa wa ishirini na kitu. Usiku alilala nayo. Mchana aliibofya masikioni mwangu, tik tik, tik tik, na kila tik ilikuwa ikinichoma.

"Huyu anayo," nikasema haraka. "Ameificha ndani ya Biblia ya nyanya."

Alilia. Baba aliifungua kalamu taratibu, akatoa spring, akaikata kwa koleo mpaka ilingane na zile mbili nyingine. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nikifurahi hadi mashavu yanauma.

Furaha hiyo haikufika jioni. Baba alipofunga kila kitu na kubonyeza, pikipiki iliwaka mara moja. Nyanya akamshika mdogo wangu kichwa na kumtemea mate ya baraka mikononi. Na kuanzia siku hiyo, kila boma alilofika, baba aliwaambia watu, "Hii inawaka kwa kalamu ya binti yangu mdogo." Jirani yetu akaanza kumwita mdogo wangu Fundi. Hakuna aliyesema ni nani aliyeitaja kalamu. Nilitaka iharibiwe, nikawa nimeifanya iwashe injini.

Nikaamua nami nitapata kalamu yangu, baba aivunje mbele ya watu wote. Sikutaka kitu kingine duniani. Muhula mzima nilisoma, ninapokamua ng'ombe, ninapochuma kahawa, ninapoota moto na nyanya akiniuliza kama ninaumwa. Nikawa wa tatu. Mwalimu akawapa kalamu watatu wa kwanza, yangu ilikuwa ya buluu.

Bahati yangu, ile spring ya kwanza ilikuwa imechoka na stata ilikuwa inateleza tena. Nilikimbia kutoka shuleni hadi nyumbani bila kupumzika.

"Baba, nimeleta spring!"

Akaitazama ile kalamu, akaibofya mara moja, akaitia mfuko wa shati. "Asante, mama. Hii nitaandikia kadi za ng'ombe." Kesho yake niliporudi kutoka kuchunga, pikipiki ilikuwa inawaka. Alituambia mezani kwamba spring ya dukani imeletwa hatimaye.

Kwa hiyo ya mdogo wangu iliwasha pikipiki, na yangu iliandika ng'ombe. Hata kuandika haikuandika vizuri, ncha yake ilikuwa ikirudi ndani na baba akaifunga kwa kipande cha mpira. Nilidhani ni uzembe wake. Nilipomaliza sekondari nilipanda gari la kwenda Embu, na tangu hapo sijakaa mahali mwaka mzima.

Sasa nilikaa kwenye ukingo wa baraza. Mdogo wangu alifungua kiganja. Spring mbili nene za kijivu, na ya tatu nyembamba, imekatwa kwa koleo.

"Bado yako iko humo?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Yangu ilikufa miezi michache tu, dada. Hii ni yako. Ile ya buluu."

"Baba alisema ya dukani."

"Ya dukani haikuja. Aliitoa kwenye kalamu yako siku ile ulipokwenda kuchunga, mimi nikamshikia virola. Akaniambia, usimwambie dada yako, atalia kama ulivyolia."

Nisingelia. Ningeruka juu ya paa. Ningekaa nyumbani.

Nyanya hayupo, baba hayupo, na ule mteremko wetu umetiwa lami, wana wa leo hawasukumi chochote. Miaka yote hiyo pikipiki ilikuwa inawaka kwa mkono wangu, na aliyejua ni yeye. Hata fahari hii iliyokuwa yangu, yeye alikuwa nayo kwanza.

Aliziweka zile tatu sakafuni, na alipoinama kuchukua spring mpya ya dukani kwenye karatasi, niliiokota ile nyembamba na kuitia mfukoni. Sikumwomba.