Bunduki Isiyofika Chini

Mkufunzi wa gwaride alikuwa na sauti ya kufukuza kunguru juu ya paa, na hata akiwa kwenye foleni ya benki kidole gumba chake kilitafuta mshono wa suruali. Bunduki mpya zilipoletwa kambini, wenzake walizisifu kwa wepesi na shabaha. Yeye alishika moja kando ya mguu, kama kwenye amri ya kuteremsha silaha, akaona kitako kinaishia gotini badala ya kugusa ardhi.

"Inapiga vizuri, afande," alimwambia mkuu wa kambi, "lakini haifiki chini."

"Adui hatumpigii gwaride. Wafundishe kuinama."

Akawafundisha wiki mbili, moyo ukimuuma kama anayefundisha wizi. Siku ya kuzipokea rasmi, waziri akiwa jukwaani, mkufunzi akavuta pumzi, akaamuru: "Teremsha... silaha!" Askari mia mbili wakainama kama waliodondosha sindano. Waziri, mtu wa adabu zake, akadhani anaamkiwa, akainama naye. Majenerali wakafuata. Hakuna aliyethubutu kuinuka kwanza. Mkufunzi akapekua kichwani amri zake zote za miaka ishirini na sita, asipate hata moja ya kumwinua waziri. Mwishowe akakohoa, akasema kwa upole ambao kambi ile haikuwahi kuusikia:

"Haya, jamani. Tuinuke."