Nyumba ya Mnada Yenye Duara Chumbani

Saa moja asubuhi Asteria Nkwabi amepiga magoti kwenye mlango wa chumba cha nyumba aliyoinunua, anateremsha kamba ya kuanikia nguo ndani ya shimo lililo katikati ya sakafu. Mwisho wa kamba amefunga nati ya lori. Mita kumi zinapita. Kumi na mbili. Kumi na nne. Kamba inaisha.

"Bado," anasema, na kumtazama fundi wake kana kwamba fundi ndiye mchimbaji.

Asteria, miaka 44, ni dobi. Anafua ovaroli za wafanyakazi wa mgodi hapa Kakola, jirani na Bulyanhulu, kwa shilingi 1,500 kila moja. Siku nzuri anafua kumi na tano. Aliweka akiba miaka tisa kwenye kikundi cha akina mama, na Agosti akanunua nyumba ya vyumba vitatu kwenye mnada wa benki kwa shilingi milioni sita na laki mbili.

Kwa bei hiyo hapa hupati hata kiwanja kizuri.

"Nilinyoosha mkono, nikageuka kuona nani atapandisha bei juu yangu. Watu wote wanaangalia chini," anasimulia. "Nikadhani Mungu amenisikia."

Majirani walikuwa wanajua. Chumba cha nyuma kilifungwa kwa kufuli, na dalali alisema ufunguo utaletwa baadaye. Asteria alikagua bati zilizotoboka, mlango ulioliwa na mchwa na choo kilichobomoka, akaridhika. Alipovunja kufuli alikuta duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, pale pale pa kuweka kitanda.

Aliyelichimba ni mwenye nyumba wa zamani, Januari. Benki aliiambia anataka mkopo wa duka la vipuri vya pikipiki. Fedha zote ziliingia shimoni: vibarua, magogo, pampu ya maji. Ukimuuliza kwa nini mtu achimbe anapolala, anajibu kuwa jirani yake alichimba choo akapata punje ya dhahabu.

Januari anafika saa tatu, kama anavyofika karibu kila siku.

"Mayu, usifukie," anaanza, akimwita mama kwa Kisukuma, hata kabla hajapewa kigoda. "Mwamba wenye dhahabu niliugusa kwa mkono huu."

"Kama uliugusa, mbona umehamia kwa shemeji yako?"

"Pampu ilikufa."

"Basi na mimi nife na pampu yako?"

Fundi Swaleh anacheka mpaka anaweka pimamaji chini. Yeye anataka shimo lijazwe kabla ya mvua za Novemba. Anaonyesha ufa ukutani, ngumi inaingia.

"Maji yakishuka mle, ukuta huu unafuata. Halafu bati utaziweka juu ya nini, Mama Ignas? Juu ya Januari?"

Januari mwenyewe anacheka. Asteria hacheki. Chumba anachopanga lazima akiache mwisho wa Oktoba, yeye na watoto wake watatu, Ignas na wadogo zake. Amebakiwa na laki nane. Zinatosha bati na mlango, au kifusi lori tano na saruji ya sakafu. Kwa vyote hazitoshi.

Alikwenda kuuliza serikalini. Ofisi ya kwanza walimwambia nyumba ni yake lakini dhahabu iliyo chini si yake, akatafute leseni. Ya pili walimuuliza nani alimruhusu kuchimba.

"Nikasema sijachimba, nimenunua. Wakasema nimenunua shimo lisilo na kibali. Nilitoka pale sijui kama mimi ni mwenye nyumba au mhalifu."

Hata akifua, anasema, mawazo yako kwenye duara. "Kama dhahabu ipo nami nikafukia, nitakuwa nimezika ada za wanangu. Kama haipo nami nikachimba, nitakuwa mjinga wa pili kwenye nyumba hiyo hiyo. Akisema Swaleh naamini. Akija Januari naamini tena."

Saa nne na nusu anampigia simu mwenye lori. Kifusi cha kwanza kitafika Jumamosi. Bati zitasubiri; familia italala chumba cha mbele chini ya turubai.

Januari anaomba kibarua cha kusukuma toroli. Asteria anamkubalia, shilingi elfu kumi kwa siku, kwa sharti moja: toroli aiache mlangoni.

"Unaogopa nitaruka?"

"Naogopa utanishawishi. Kumwaga nitamwaga mwenyewe. Kifusi kikifika juu, nikasimama pale katikati, ndipo nitajua nimenunua nyumba."