Barabara Yetu ya Viti

Juzi nilikwenda Wembley kutafuta bamia changa, maana huku ninakokaa sasa wanauza bamia zilizokomaa hata kisu kinazikataa. Nikiwa na mfuko wangu mkononi nikaona nipite ile njia ya nyuma, penye ukumbi tuliokuwa tukiukodi Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Ukumbi haupo. Wamejenga fleti, ghorofa saba, zenye vibaraza visivyotosha hata kuanika taulo. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kama umekulia mahali na mahali penyewe bado pako, huenda usinielewe, lakini kaa nikueleze.

Sisi tulitoka mji mdogo wa bara, Kenya, mji wa barabara moja. Reli ndiyo iliyouzaa. Babu yangu alishuka pale akiwa na homa, akasema apumzike siku mbili kisha aendelee na safari yake, akapumzika mpaka alipokufa. Wengine wakamfuata: Kalasinga fundi wa magari, Mgoa fundi cherehani, na Wagujarati wenzetu wenye maduka ya vitambaa, chumvi na mafuta. Tulikuwa nyumba kumi na mbili, sita upande huu na sita upande ule. Asubuhi ulisikia makomeo ya chuma yakiondolewa milangoni, moja baada ya jingine, kuanzia stesheni hadi sokoni, kisha cherehani ya Mgoa, kisha nyundo ya Kalasinga. Mji ulinuka mafuta ya taa, sukari guru na vumbi lililonyunyiziwa maji. Na kwa kuwa Mgoa hakujua Kigujarati, nasi hatukujua Kipunjabi, barabara nzima ilisema Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha dukani, kisicho na adabu sana, lakini kilitosha watu kugombana, kupatana na kuzikana.

Uhuru ulipokuja, watu wetu waliambiwa wachague: ama wawe raia, ama wabaki na pasipoti za Kiingereza. Kwetu jambo kama hilo halikuachiwa mtu achague mwenyewe. Bibi, mama yake baba, alikaa jikoni akagawa pasipoti kama alivyokuwa akigawa chapati. Baba mkubwa, mwanawe wa kwanza, awe raia. Baba yangu abaki na ya Kiingereza. Mambo yakienda vizuri, duka lina mwenyewe. Yakiharibika, tuna pa kukimbilia. Usimcheke, nyumba nyingi za Wahindi zilifanya hivyo hivyo, na mtaani walimsifu kwa akili zake. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema, na mbachao wetu ulikuwa lile duka. Hakumuuliza baba mkubwa anataka nini. Naye hakuwa mtu wa kumpinga mama yake.

Nilipokuwa na miaka minane, wasio raia wakaanza kunyimwa leseni za biashara. Mwaka haukwisha, barabara ikawa imehama, nyumba baada ya nyumba. Tukaondoka bibi, baba, mama na mimi. Baba mkubwa, ambaye hakuwa ameoa, akabaki na funguo. Bibi alimwambia alinde duka, mwaka mmoja au miwili, mambo yatatulia, tutarudi. Alisema hivyo kwa sauti kavu kabisa, kama anayeagiza kilo ya chumvi.

London tulipata vyumba viwili Wembley, na jiko la mafuta ya taa la kupashia chumba joto. Harufu ile ile ya duka letu, lakini hapa ilishika kwenye makoti, na shuleni wenzangu walinikwepa. Mama alipata kazi kiwandani, akishona kola za mashati. Baba akawa anatoka alfajiri na mapema kwenda Hayes, kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege, kubeba makasha. Yeye aliyekuwa akiketi nyuma ya kaunta na kalamu sikioni! Hakulalamika, ila aliacha kuimba alipokuwa akinyoa ndevu. Bibi alipokosa maembe mabichi alitia achari ya matofaa machachu, yale ya kupikia, na kila alipoionja alisema, "Bado." Miaka yote ilikuwa bado.

Watu wa mji wetu nao walikuwa wametawanyika London hiyo hiyo, wengine hapo hapo Wembley. Ndipo wakaanza kuukodi ule ukumbi. Siku ya kwanza hakuna aliyepanga jambo. Bibi aliketi. Mgoa akaja akaketi kushoto kwake, kwa sababu kule nyumbani baraza yake ilikuwa kushoto kwa yetu. Kalasinga akavuta kiti akakaa ng'ambo, tukatazamana naye kama zamani. Kufikia saa ya chai mji mzima ulikuwa umejipanga wenyewe, safu mbili zinazoelekeana, stesheni mlangoni na soko jikoni. Tangu siku hiyo, asiyekaa mahali pa duka lake aliambiwa ahame. Sisi watoto tulikimbizana katikati, na wakubwa wakatukemea, "Ondokeni barabarani!" Hawakuwa wakitania.

Bajia zilipita, kachori zikapita, chai ya tangawizi ikamiminwa kutoka birika kubwa la Kalasinga. Kulia kwa bibi palikuwa na kiti kimoja kitupu. Aliweka shali yake juu yake asikikalie mtu. Kilikuwa cha baba mkubwa.

Baada ya chai, baba alisimama kusoma barua. Baba mkubwa aliandika kila mwezi, Kigujarati, na baba aliigeuza Kiswahili papo hapo ili wote wasikie. Wenyewe walikuwa wamemtumia maswali, kila mtu kuhusu mlango wake, naye aliwajibu mmoja mmoja. Duka letu lipo, wateja si haba, chokaa nimepaka kabla ya sikukuu ya Diwali. Cherehani ya Mgoa naitia mafuta. Mlango wa gereji nimeupaka rangi ya buluu, ile ya zamani ilibabuka. Mvua imekuja na panzi wengi. Ungemwona Kalasinga, mwanamume wa miraba minne, akifuta macho kwa ncha ya kilemba kwa ajili ya mlango! Barua zilikuwa na muhuri wa posta ya Kisumu, naye alitueleza kwamba huzipeleka huko anapokwenda kununua mali, zifike upesi. Tuliamini. Bibi alizikunja barua zile na kuziweka pamoja na picha za miungu yake.

Nadhani zilimsaidia kulala. Mara mbili baba mkubwa aliomba kibali cha kuja Uingereza, mara mbili akakataliwa. Bibi alijua ni nani aliyempa ile pasipoti. Lakini kama duka lipo, basi mwana hakutupwa, aliachwa kazini. Alimwambia mama yangu maneno hayo mara nyingi, bila kuulizwa.

Miaka ikaenda. Familia mbili zikahamia Leicester, moja Kanada, Mgoa akafa kwa kifua katika baridi kali. Viti vyao vilipangwa vile vile. Mimi nilikuwa nimeanza kuona aibu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, najibu kwa Kiingereza nikisemeshwa Kiswahili, na sikutaka wenzangu wajue kwamba Jumapili nakaa ukumbini na viti vitupu.

Mwaka huo kibali kikapatikana, cha mwezi mmoja, na Jumapili yetu ilikuwa ndani yake. Baba mkubwa alishuka kwenye ndege akiwa na suti pana na mapengo mawili. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili akamwita kwa jina la utotoni, akacheka mpaka akakohoa. Siku tatu alikaanga kachori. Jumapili alivaa sari mpya, akaiondoa shali kwenye kile kiti kwa mkono wake mwenyewe, akakipangusa ingawa hakikuwa na vumbi.

Baba mkubwa aliingia akaona zile safu mbili. Hakuna aliyemweleza, na hakuhitaji kuelezwa. Alisimama katikati ya barabara, akahesabu milango kwa macho, na uso wake ukabadilika. Kalasinga akamwahi kabla hajaketi.

"Karibu, ndugu yangu! Hebu niambie, ile buluu ya mlango wangu ni ya namna gani? Nzito au iliyopauka?"

Baba mkubwa angeweza kusema yoyote kati ya hizo mbili. Mpaka leo natamani angesema.

"Fundi," alisema, "gereji haina mlango. Haina hata paa."

Alieleza akiwa amesimama pale pale. Treni iliacha kusimama kwetu mwaka wa pili baada ya sisi kuondoka. Watu wakahamia kwenye barabara kuu ya lami, soko likawafuata. Alikaa na duka miezi minane bila mteja, kisha akalifunga akaenda Kisumu kuuza misumari katika duka la mtu. Tangu hapo aliurudia mji mara moja tu, akakuta mbuzi wamelala barazani kwetu.

"Na barua?" baba aliuliza.

"Mlikuwa mnauliza, mdogo wangu. Kila mwezi mnauliza. Ningejibu nini?"

Hakuna aliyekasirika, ingawa ingekuwa afadhali. Kalasinga aliketi, akaanza kuvuta uzi uliochomoza kwenye koti lake. Bibi ndiye aliyesema, tena kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka barabara nzima isikie.

"Basi nilikuacha ulinde nini?"

Baba mkubwa alikuja akaketi karibu naye, akamshika mkono. "Mama," alisema, "chai inapoa."

Mwezi wake ulipokwisha alirudi Kisumu kwenye misumari yake, maana pasipoti yake haikumruhusu vingine. Jumapili iliyofuata bibi alisema miguu inamuuma. Iliyofuata pia. Ukumbini watu walianza kukaa popote, karibu na hita, wakizungumzia watoto na baridi. Baada ya miezi michache hakuna aliyekwenda kulipia ukumbi, wala hakuna aliyetangaza kwamba mji umekwisha. Bibi aliishi mwaka mmoja na kitu. Baba mkubwa aliendelea kumwandikia, barua fupi za kweli, za mvua na malaria, na bibi alipomaliza kusikiliza aliziacha mezani. Alikufa akiwa Wembley, mwanawe akafa Kisumu, na baba hakuwa na siku za likizo za kwenda kumchoma kwa desturi yetu.

Nami sasa ndiye ninayekusimulia, lakini kumbuka niliondoka nikiwa na miaka minane, na kwa miaka minane mingine nilisomewa mji ule kila mwezi kutoka barua za mtu aliyekuwa akiutunga. Nikifumba macho nauona wote, mlango kwa mlango. Sijui tena kipi nilikiona na kipi aliandika yeye. Wa kumuuliza sina.